Nchi Iliyofagia Msitu Wake

Nisiulizwe jina la nchi yenyewe. Si kwamba naogopa. Jina limepelekwa wizarani kusafishwa na bado halijarudi. Mimi naitwa Gwakisa, Afisa Usafi Msaidizi wa Kata ya Ilindi, na haya ninayoyaeleza mengine niliyaona kwa macho yangu na mengine niliyatenda kwa mikono yangu. Ndiyo maana sikai mahali pamoja siku hizi. Nikikaa, mikono inawasha.

Yote yalianza na jani.

Mtukufu Mlezi wa Taifa alikuja Ilindi kuzindua kibao. Sisi ni watu wa kuzindua vibao; hata cha zamani tukikipaka rangi kinazinduliwa upya. Hiki kiliandikwa HUU NI MSITU, nacho kilisimamishwa mbele ya msitu. Mtukufu alipofunua kitambaa tulipiga makofi dakika nne, kisha akaketi kwenye kiti chake chenye mto mwekundu na kuinua bilauri ya soda. Hapo jani likaanguka. Lilikuwa jani la kawaida tu, la kahawia, lenye tundu moja la kiwavi. Lilishuka polepole mbele ya mawaziri wote, likatua ndani ya bilauri.

Walinzi walielekeza bunduki juu ya mti. Tukiwa bado tunasubiri mti ujisalimishe, kijidudu kimoja, kidogo kuliko chembe ya ulezi, kilimuuma Mtukufu sikioni.

"Hapa," akasema Mtukufu huku akijikuna, "nani anafagia?"

Mkuu wa wilaya alimtazama diwani. Diwani alimtazama mtendaji wa kata. Mtendaji alinitazama mimi. Nami niligeuka nyuma nimtazame wa chini yangu, nikakuta msitu.

"Hapafagiliwi, Mtukufu," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu paumbwe, Mtukufu."

Waziri wa Usafi na Mng'aro wa Taifa, Mheshimiwa Kitwana Mshindo, alisimama machozi yakimtoka. Huyu ni mtu anayeweza kulia wakati wowote kwa maslahi ya umma. "Aibu iliyoje!" akasema. "Mama zetu hufagia uani kabla hata ya kunawa uso. Iweje taifa zima liamke na uani wake mkubwa, yaani msitu, ukiwa umejaa majani ya tangu enzi za mkoloni? Tulimfukuza mkoloni, majani yake tukayaacha!"

Tulipiga makofi dakika sita. Mimi nilipiga saba, kwa sababu swali lilikuwa limeishia kwangu.

*

Msitucheke haraka. Kwetu ufagio ni heshima. Mgeni akiingia uani akakuta mistari mibichi ya ufagio, anajua hapa wanaishi watu. Kuna wake waliosifiwa kwa mistari yao kuliko kwa sura zao. Kwa hiyo Waraka wa Usafi wa Misitu na Mashamba ulipofika, kila moyo uliupokea. Ulisema hivi: kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, raia wote waende msituni na mashambani na ufagio wa chelewa, wafagie mpaka udongo uonekane. Majani, matunda yaliyooza, magogo, maganda, vyote vipelekwe Jaa Kuu la Kata.

Jaa letu tuliliweka kwenye lile shamba darasa la kilimo bora, ambalo kwa miaka kumi na tisa lilikuwa halijamfundisha mtu yeyote kitu chochote. Lilikuwa na mikakao kama thelathini hivi iliyosahauliwa. Tuliirundikia takataka mpaka magotini, kama miti ina magoti.

Mimi nilikabidhiwa leso nyeupe ya mfukoni. Ndicho kilikuwa kipimo. Naitandaza chini ya mti, naikanyaga mara moja, nainua. Ikitoka nyeupe naandika "Safi". Ikitoka na doa naandika "Chafu", na shamba chafu mara mbili linachukuliwa na wizara. Nilikuwa na fomu zenye nakala tatu, na nilipopita mtaani watu waliacha kutafuna.

Kazi ilikwenda vizuri mno. Akina mama waliutia msitu mistari mizuri mpaka swala wakaogopa kuikanyaga. Kalunguyeye, ambaye maisha yake yote alikuwa amejificha chini ya majani, alionekana mchana kweupe akizungukazunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kwale walihama. Vyura walinyamaza. Kwenye fomu kuna sehemu ya Maoni. Niliandika kwamba viumbe hao wameondoka kwa kushindwa kuendana na kasi. Wilaya ilinipongeza kwa lugha nzuri.

*

Sasa nifike kwa shangazi yangu, na hapa mtaniwia radhi nikisimama kidogo nitembee.

Shangazi Sekela ni dada wa baba. Mama alipofariki mimi nikiwa nanyonya, ndiye aliyenichukua na kunilea kwa uji na kakao. Shamba lake liko nyuma ya kilima, mikakao mia nne iliyopandwa na mikono yake chini ya migomba, na hana kingine duniani zaidi ya hiyo miti na mimi. Uani kwake pamefagiliwa kuliko ikulu. Kila mwezi nilikuwa natandaza leso pale uani, inatoka nyeupe, naandika "Safi", nakula, naondoka. Mwezi wa tano wa ukaguzi nikaona haya, nikapita nyuma ya nyumba.

Niliingia kwenye majani mpaka vifundoni. Magogo ya migomba yalikuwa yamelala yakioza, maganda ya kakao yamerundikana meusi, na harufu ilikuwa nzito, tamu, ya kitu kinachochacha.

"Shangazi, nini hiki?"

"Shamba, baba."

"Mbona limeoza?"

"Si ndiyo kazi yake? Uani nafagia kwa sababu watu wanakaa. Huku nifagie nani akae?"

"Waraka unasema..."

"Huo waraka umepanda miti mingapi? Hebu njoo, toa hiyo miwani ya serikali uone."

Alinishika shingoni kama zamani, akanisogeza kwenye shina. Pale kwenye gamba kulikuwa na ua dogo jeupe, si kubwa kuliko kifungo cha shati. Ndani ya ua kitu kilitikisika.

"Nyuki hapa haingii, ni mkubwa mno," akasema. "Anayeingia ni kisubi, hiki kijidudu kinachouma. Huyu ndiye mshenga wa kakao. Anatoka ua hili anakwenda ua lile, anabeba posa mgongoni. Asipokuja, ua linakaa siku moja, linaanguka, hakuna tunda. Haya, mshenga anazaliwa wapi? Kwenye huo uozo wako. Uozo unatoka wapi? Kwenye majani. Na majani?"

"Kwenye mti."

"Sasa nionyeshe hapo, mheshimiwa afisa, pa kupitisha ufagio."

Nilitafuta kwa dakika nzima. Kisubi mmoja alikuja akaniuma shavuni, nikampiga kofi nikamuua. Shangazi alicheka akasema hiyo harusi moja nimeivunja. Kisha nikaandika "Safi", nakala tatu. Nilikuwa nimekula ndizi zake sahani mbili, na mwongozo haukusema lolote kuhusu mkaguzi aliyeshiba.

*

Mvua za masika zilipofika zilikuta nchi haina nguo. Zamani mvua ilipiga majani kwanza. Sasa ilipiga udongo, na udongo ukaondoka nayo. Mto ulikuwa mwekundu wiki nzima, na mabomba yote ya nchi hunywa kwenye mto. Asubuhi moja Mtukufu alifungua maji ya kuoga akatoka bafuni mwekundu kutoka utosini mpaka kwenye nyayo. Mke wake alipiga kelele akidhani ni mapinduzi.

Mheshimiwa Mshindo alitoa tamko redioni kwamba mvua ya mwaka huu ilikuwa chafu, na kwamba serikali inazungumza na wahusika.

Kisha kakao ikakataa. Ninasema ikakataa kwa sababu ndivyo tulivyoelekezwa kusema. Maua yalitoka kwa wingi kwenye mashina, yakakaa siku moja, yakaanguka. Yakatoka tena, yakaanguka. Wananchi waliyafagia kama waraka ulivyotaka, magunia kwa magunia ya maua, na kata yetu ikapewa Kombe la Ufagio wa Dhahabu kwa kukusanya takataka zenye kupendeza zaidi. Nililipokea mimi. Kwenye picha ninaonekana nikijikuna.

Nchi yetu inaishi kwa kakao. Barabara ni kakao, shule ni kakao, hata magari ya mawaziri ni kakao iliyopita njia ndefu. Msimu ulipokwisha bila tunda, Waziri alitangaza kwamba mikakao imegoma. Polisi walikuja na kipaza sauti. Walisimama mbele ya shamba la ushirika, na mkuu wao akaisomea miti onyo, akaipa siku saba kurejea kazini, akauliza kama kuna yeyote mwenye swali. Upepo ulipita. "Kumbukeni mmenyamaza wenyewe," akasema, akafunga faili.

Msiseme sikujua. Nilijua. Nilikuwa nikipita pale nikiangalia maua yakianguka, na masikio yangu yalikuwa yakisikia neno mshenga, mshenga. Lakini mtu akishapokea kombe anafanyaje?

*

Siku ya saba, askari mmoja aliyekwenda kujisaidia nyuma ya kilima alirudi mbio akisema ameona mti wenye matunda. Walikwenda kuangalia. Haukuwa mti mmoja. Mikakao mia nne ya Shangazi Sekela ilikuwa imebeba kuanzia chini mpaka matawini, matunda ya manjano na mekundu, manene.

Mheshimiwa Mshindo alikuja mwenyewe na tume ya watu kumi na wanane. Waliingia shambani wakiwa wameinua suruali. Walipima majani kwa rula. Wakaumwa wote, Waziri akiwa wa kwanza kwa mujibu wa itifaki. Shangazi aliwaeleza vizuri kabisa, kwa heshima, kama alivyonieleza mimi: mshenga, uozo, jani, mti. Aliwashika hata mikono kuwaonyesha ua. Waziri alisikiliza mpaka mwisho, na kwa dakika moja nilidhani ameelewa. Kwa kweli alikuwa ameelewa, kwa namna yake.

"Kwa hiyo mama," akasema taratibu, "wakati taifa zima halina kisubi hata mmoja, wewe hapa umeficha maelfu?"

"Sikuwaficha, mwanangu. Wanakaa."

"Wanakaa kwako tu?"

"Nyie mmewabomolea."

"Andikeni," akawaambia tume. "Anahodhi visubi wa taifa."

Hukumu ilitolewa palepale juu ya boneti la gari. Visubi wakamatwe na kugawiwa kwa usawa katika kata zote, kila kata chupa moja. Shamba liwe chini ya uangalizi wa wizara, na lifagiliwe. Mtuhumiwa, kwa kuwa anapenda uchafu, atumikie adhabu ya kulinda Jaa Kuu. Na msimamizi wa ufagiaji awe afisa wa kata aliyepata kombe. Fomu zangu za nyuma, zilizoliita shamba hilo safi, hakuna aliyezifungua.

Nilitazama nyuma tena. Safari hii hata msitu haukuwapo wa kutosha.

"Shangazi," nikamwambia, "nifanye nini?"

"Wewe si ndiye afisa?" akasema. Hakunitania. Ningependa angenitania.

Nilifagia. Tulikuwa watu arobaini na fagio arobaini, na nilitangulia mimi. Chini ya majani ya juu kulikuwa na majani meusi, chini ya hayo kulikuwa na kitu laini chenye nyuzi nyeupe, na ndani yake kila kitu kilikuwa kikikimbia: jongoo, minyoo, vibuu, viroboto wa majani nisiowajua majina. Vyote tulivitia magunia. Shangazi alikaa kwenye kigoda mlangoni na mikono yake mapajani. Mchana ulipofika shamba lilikuwa na mistari mizuri kuliko shamba lolote katika jamhuri. Nilitandaza leso. Ilitoka nyeupe. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na niliandika "Safi" huku kalamu ikitoboa karatasi mpaka nakala ya tatu.

Kuhusu zile chupa: kisubi huishi siku chache. Hotuba za kukabidhi zilichukua wiki mbili.

*

Shangazi alianza kulinda jaa. Nilimpelekea chakula kila mchana, naye alikila bila kusema. Siku ya kumi na mbili alisema.

"Gwakisa. Hebu angalia huku nyuma."

Nilipanda juu ya rundo. Ile mikakao thelathini ya shamba darasa, ambayo tuliirundikia takataka za kata nzima kwa mwaka na nusu, ilikuwa imezaa mpaka matawi yanalalamika. Visubi walikuwa wakicheza hewani juu ya uozo. Kwale wawili walikuwa wakichakura, na kalunguyeye alipita bila hata kunisalimu. Msitu wetu wote ulikuwa umehamia jaani.

"Mlikuwa mnanihamishia shamba kidogo kidogo," akasema Shangazi, na nikamwona akitabasamu kwa upande mmoja.

Wiki hiyohiyo barua ikafika. Kwa kuwa mashamba yote sasa ni safi, Waziri anataka Jaa Kuu nalo lifagiliwe.

Sikulala. Nilizunguka nyumba mpaka majirani wakauliza kama nimepoteza mbuzi. Asubuhi nilifanya kitu pekee ninachokijua: nikaandika barua. "Mheshimiwa, mwongozo unaelekeza kwamba takataka zote zipelekwe jaani. Naomba mwongozo: takataka za jaani zipelekwe wapi?"

Nadhani hakuna barua iliyowahi kuitikisa wizara namna ile. Iliundwa kamati. Kamati ikafanya semina ya siku tano kwenye hoteli yenye bwawa. Wataalamu waligawanyika makundi mawili, la kusema haiwezekani na la kusema ni jambo zito. Huku nyuma watu wa kata yetu walikuwa wameshaona matunda ya jaani, wakaanza kuiba takataka. Akina mama waliingia na ndoo tupu wakatoka wamefunika kitu kwa khanga. Shangazi, mlinzi, alikuwa akigeukia upande wa pili na kukohoa. Mimi nilisajili kila tukio kama upungufu wa asili.

Jibu lilipokuja lilikuwa Sera mpya kabisa, yenye jalada la rangi. Takataka za majaa yote zitawanywe mashambani. Waziri Mshindo aligundua, ilisema Sera, kwamba taifa lisilo na uchafu ni taifa lisilo na mizizi. Alilia redioni. Alipewa nishani. Kuanzia Jumamosi, leso ikitoka na doa shamba ni zuri. Ikitoka nyeupe, mwenye shamba ni mhujumu, na miti yake ing'olewe pawekwe uwanja wa gwaride.

Na orodha ya kwanza ya wahujumu ilikuwa na jina moja. Shamba safi kuliko yote katika jamhuri, lililothibitishwa kwa nakala tatu, lilikuwa la Bi. Sekela wa Ilindi. Ushahidi ulikuwa na sahihi yangu.

*

Ilikuwa Alhamisi. Nilikwenda jaani, nikavua koti la ofisi, nikachukua gunia. Shangazi aliniangalia nikijaza.

"Utachafua shati la serikali, baba."

"Acha lichafuke."

Alichukua gunia lake. Tulipanda kilima na kushuka, tukapanda na kushuka, Alhamisi yote na Ijumaa yote, na wale walioiba wakaanza kurudisha, ndoo moja moja, bila kuulizwa. Tulimwaga chini ya kila mti. Mistari yangu ilipotea mmoja baada ya mwingine, na sikuwahi kufurahia kitu kikiharibika kama nilivyofurahia hiyo mistari.

Jumamosi Waziri alifika. Alitandaza leso mwenyewe, akaikanyaga, akainua. Ilikuwa nyeusi, na jongoo mmoja juu yake. Aliionyesha kwa wapiga picha. "Huu," akasema, "ni uchafu wa kizalendo!" Miti ikaachwa isimame. Msafara ukaondoka kwenda kuzindua kibao.

Lakini waziri anatazama leso, mti hautazami leso. Maua yalikuwa yametoka kwenye mashina, na kesho yake yalikuwa chini. Yakatoka tena, yakaanguka tena. Kila jioni nikitoka kazini nilikuja kukaa na Shangazi shambani, naye alikuwa akihesabu kwa macho maua yaliyoanguka. Majani yalikuwepo, uozo ulikuwa unaanza kunuka vizuri. Mshenga ndiye hakuwepo. Nilikaa, nikasimama, nikakaa. Mfukoni nilikuwa na barua mpya ya wizara ambayo sijaifungua mpaka leo, kwa sababu nimesikia Mtukufu ameumwa tena sikioni kwenye uzinduzi wa kibao cha HUU NI UCHAFU, na naijua nchi yangu.

"Kaa kitako, Gwakisa," akasema Shangazi. "Unawatisha."

"Nawatisha nani? Hakuna kitu hapa."

Nilikaa. Jua lilikuwa bado juu ya kilima. Kisha kitu kikanichoma nyuma ya sikio, kidogo na kikali, na mkono wangu ukapanda wenyewe kama ulivyozoea.

"Usimpige!" akasema Shangazi.

Mkono ulibaki hewani. Shangazi alisogea mpaka pumzi yake ikanigusa shingo, akatazama. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta.

"Mwache ashibe, baba," akasema. "Kesho ana kazi."